Uzi: Nyumba inatikisika kwanza, kishindo kinafuata. Nani analipua huku kwetu Bahati?

#1 Fundi wa Redio

Hamjambo wadau. Naishi Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na kazi yangu ni kutengeneza redio na simu. Tangu mwezi uliopita nyumba yangu inatikisika mchana, kati ya saa saba na saa nane. Si kila siku, labda mara mbili kwa wiki. Vifuniko vya sufuria hulia kwenye rafu, kuku hunyamaza, kisha ndipo tunasikia "dum!" kutoka mbali. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa ulioanzia kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, na majirani wote wameshatoa hukumu: ni wale wa machimbo ya kokoto kule juu. Jina la machimbo siliandiki hapa, msiniulize.

Tulienda kwa meneja wao, watu sita. Alitupokea vizuri, chai na mkate tukapewa, kisha akafungua daftari la milipuko akatuonyesha kwamba Jumanne tunayoilalamikia hawakulipua chochote. Mama mmoja akamjibu kwamba daftari haliwezi kubishana na ukuta. Tukarudi nyumbani tumekasirika na tumeshiba.

Sasa mimi ni fundi. Hilo la kutikisika kwanza halafu kulia baadaye liliniwasha kichwa. Mlipuko ni mmoja, mbona unafika mara mbili? Nikaona ni sawa na radi, unaona mwanga, unahesabu, ndipo ngurumo inakufikia. Tofauti ni kwamba hapa mjumbe wa kwanza anapitia ardhini, na ardhi inakimbia kuliko hewa.

Nikachukua simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, nikaibandika kwa gundi kwenye sakafu ya saruji ya stoo. Kuna programu za bure zinazoandika kihisio cha mwendo, kile kinachoiambia simu imelazwa au imesimamishwa. Yangu inaandika mara 100 kwa sekunde, na maikrofoni inarekodi wakati huohuo. Siku nne za kwanza nilinasa watoto wakikimbia, lori la maziwa, na paka aliyelala juu ya simu kwa sababu ina joto. Siku ya tano, Alhamisi saa 7:26 mchana, nikanasa chenyewe.

Mstari ulikuwa umelala tuli kama maji ya ziwa alfajiri, mara ukaota meno ya msumeno kwa muda usiofika nusu sekunde, ukatulia. Kisha kwenye sauti kikaja kishindo, na hapohapo mstari wa mwendo ukaruka tena kidogo, nadhani ni hewa iliyopiga mabati na nyumba ikaitikia. Kutoka meno ya kwanza hadi kishindo ni sekunde 2.2.

Hesabu yangu: sauti kwenye joto la mchana wa Nakuru hukimbia kama mita 345 kwa sekunde. Mara 2.2 ni mita 760 hivi. Machimbo tunayoyalaumu, nikipima kwenye ramani, yako kilomita 1.6 kutoka kwangu. Wangekuwa wao ningesubiri zaidi ya sekunde nne.

Nimekosea wapi? Na kama sijakosea, kuna nani kwenye mita 760?

#2 Nyar Ahero

Wueh. Kwa hivyo mlikunywa chai ya mtu asiye na hatia mkamwachia matusi.

#3 Mwalimu wa Kano

Fundi, hongera, ila kuna kosa moja dogo. Umechukulia kwamba mtetemo ulikufikia palepale mlipuko ulipotokea. Nao ulisafiri. Kwenye majivu na mawe laini ya volkano kama ya huko kwenu, wimbi la kwanza la ardhini linaweza kwenda kilomita 2.5 kwa sekunde. Sekunde zako 2.2 zinaanza kuhesabiwa mtetemo ukiwa umeshafika, kwa hiyo kishindo kilisafiri kwa zaidi ya sekunde 2.2. Ukipanga hesabu upya, kila sekunde ya pengo ni karibu mita 400, si 345. Mlipuko wako uko kama mita 880. Hata mwamba ukiwa mgumu zaidi, wimbi liende kilomita 4 kwa sekunde, kila sekunde inakuwa mita 378, na hapo unapata mita 830. Machimbo ya kilomita 1.6 bado hayaingii.

Lakini mita 880 kutoka kwako ni mduara mzima. Tafuta majirani wawili, kila mmoja na simu yake sakafuni. Na hapa ndipo panaponifurahisha: hamhitaji saa za simu zilingane. Simu ya jirani inaweza kuwa nyuma kwa dakika nzima, haidhuru, kwa sababu unachotafuta ni pengo lililo ndani ya rekodi yake mwenyewe. Mapengo matatu ni miduara mitatu, na miduara mitatu hukutana mahali pamoja.

#4 Baruti Mstaafu

Nimefanya kazi ya kulipua miaka 22, mgodini na kwenye machimbo ya mawe, Kakamega na Migori. Acha niseme machache kabla vijana hawajaharibu uzi.

Kwanza, machimbo yenye leseni hayalipui kimyakimya. King'ora kinalia, watu wanaondolewa, barabara inafungwa. Kama hamkusikia king'ora, mnatafuta mtu mwingine.

Pili, ukubwa wa kishindo haukuambii ukubwa wa baruti. Shimo likishatiwa baruti, sehemu ya juu hushindiliwa changarawe. Ukishindilia vizuri, nguvu inabaki ndani kuvunja jiwe, ardhi inatikisika na juu mnasikia "bumm" ya chini kama mtu aliyeangusha gunia. Ukishindilia vibaya, gesi inatoka kama kizibo cha chupa. Hapo mtasikia mlio wa kupasua masikio hadi kijiji cha pili, na jiwe limebaki pale linakucheka. Mimi nilikuwa nikisikia mlipuko wa mwenzangu kwa mbali najua kama kashindilia au kaiba muda.

Tatu, hatulipui mashimo yote kwa mpigo mmoja. Kuna detoneta, yaani viwashio vya baruti, za kuchelewesha. Shimo la kwanza, halafu la pili baada ya milisekunde 25, halafu la tatu, hivyohivyo. Sikio linasikia kishindo kimoja kirefu, lakini ardhi inapokea vipande vipande, na nyumba za watu zinapona.

#5 Jicho la Tatu

Amkeni jamani. Mnahesabu sekunde na hamjiulizi kwa nini yote haya ni karibu na volkano ya Menengai. Wanasema wanachimba mvuke. Nani ameingia kule chini akaona? Mabomu hujaribiwa Afrika kwa sababu hakuna anayepima.

#6 Mwalimu wa Kano

Jicho la Tatu, Afrika imewahi kujaribiwa mabomu kweli. Wafaransa walianza kulipua yao Sahara ya Algeria mwaka 1960, kwanza juu ya ardhi kisha chini ya milima ya Hoggar. Kwa hiyo sikucheki kwa kushuku. Ila hilo la kwamba hakuna anayepima, hapo umekosea, na wapimaji wenyewe wako jirani.

Pale Kilimambogo, karibu na Thika, kuna kituo cha kupima mitetemo. Ni kimojawapo kati ya vituo 50 vikuu vya mitetemo vya mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, ule uliofunguliwa kutiwa saini Septemba 1996 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000. Nairobi kuna kituo kingine cha mkataba huohuo, hicho kinasikiliza hewa. Makao makuu yao yako Vienna. Duniani kote vimepangwa vituo 321: 170 vya mitetemo, 60 vya hewa, 11 vya baharini, na 80 vya kunusa mionzi. Na rekodi za kituo cha Kilimambogo ziko wazi mtandaoni, hata wewe unaweza kuzifungua usiku huu badala ya kututisha.

Sasa bomu chini ya mlima linatambuliwaje? Fikiria andazi kwenye mafuta. Linavimba pande zote kwa pamoja. Bomu ardhini ni hivyo: mwamba unasukumwa nje kila upande, na kituo chochote, kiwe mashariki au magharibi, kitaona sakafu yake ikisukumwa juu kwanza. Tetemeko la kawaida halivimbi, linateleza. Vipande viwili vya mwamba vilivyokuwa vimekabana vinaachiana ghafla, kimoja kinakwenda huku, kingine kule. Vituo vya upande mmoja husukumwa kwanza, vya upande mwingine huvutwa kwanza. Hiyo ndiyo alama ya kwanza.

Alama ya pili iko kwenye aina za mawimbi. Wimbi P ni la kusukuma na kuvuta, kama mabehewa yakigongana, nalo hufika kwanza. Wimbi S hutikisa kwa kukata upande, linakuja nyuma yake. Kisha yapo yale mazito yanayotambaa juu ya uso wa ardhi. Mtelezo hutoa S nyingi na mawimbi ya uso makubwa. Mlipuko hutoa P nyingi, hayo mengine kwa uchache. Ukiona P ya kishindo cha nguvu lakini mawimbi ya uso ni madogo kuliko yanavyostahili, unaanza kuuliza maswali.

Korea Kaskazini imelipua mara sita: 2006, 2009, 2013, mara mbili 2016, na Septemba 3, 2017. Zote zilinaswa. Ile ya 2017 mtandao wa Vienna uliipima 6.1 kwenye mizani ya matetemeko, na dakika nane na nusu baadaye vituo vikaandika mtetemo mwingine mdogo palepale. Huo ulionekana kama mporomoko, mwamba uliofumuliwa ukirudi kukaa. Kwenye karatasi, mlipuko na mporomoko havifanani: mmoja unaanza kwa kusukuma, mwingine kwa kuvuta.

Kama kungekuwa na bomu la nyuklia Menengai, Jicho la Tatu, ungelisikia kwanza kwenye redio ya Uchina kabla sisi hatujamaliza kuokota vifuniko vya sufuria.

#7 Nyar Ahero

Mwalimu, hapo kwa hewa hujatueleza. Bomu liko chini ya mlima, hewa inajuaje?

#8 Mwalimu wa Kano

Swali zuri. Uso wa ardhi juu ya bomu unanyanyuka na kushuka kama ngozi ya ngoma. Hewa iliyo juu yake haina pa kwenda, inasukumwa. Sauti inayotoka ni nzito mno, chini ya mitikisiko 20 kwa sekunde, na sikio la binadamu huanzia hapo. Tuiite infrasaundi. Haichoki upesi kama sauti za kawaida. Inapanda hadi kwenye pepo za juu, kilomita kama 50, inapinda na kurudi chini, inaweza kuvuka mabara. Vipimo vya kituo cha Nairobi havikai mahali pamoja, vimetawanywa mbalimbali ili kwa kulinganisha nani kasikia kwanza wajue sauti ilitoka upande gani.

Faida ya kuwa na ardhi na hewa pamoja ndiyo hii, na Baruti Mstaafu ameshaieleza bila kutumia hata neno moja la darasani. Ukiwa na mtetemo peke yake, baruti nyingi zilizolipuka juu juu na baruti chache zilizofungwa vizuri ardhini zinaweza kukuandikia mstari wa ukubwa mmoja. Hewa ndiyo inayotoboa siri. Mtetemo mkubwa na sauti ndogo, baruti ilikuwa imezikwa. Sauti kubwa na mtetemo mdogo, ililipuka juu.

Mfano mnaukumbuka. Beirut, Agosti 4, 2020, ghala lililokuwa na tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti. Makadirio mengi yanaiweka nguvu ya mlipuko ule kati ya nusu kilotoni na kilotoni moja na ushee (kilotoni ni nguvu ya tani elfu moja za baruti ya TNT). Mji ulivunjika vioo, lakini wapimaji wa Marekani waliandika mtetemo wa 3.3 tu, kwa sababu nguvu ilikwenda hewani na baharini. Jaribio la kwanza la Korea, 2006, nalo lilikadiriwa chini ya kilotoni moja. Hilo lilikuwa ndani ya mwamba, na Vienna wakapima 4.1. Mizani zenyewe hazilingani kabisa, nakubali, lakini kila namba moja ya mizani ni mara kumi, kwa hiyo pengo hilo ni la mtetemo mkubwa mara sita hivi kwa nguvu inayokaribiana.

#9 Baruti Mstaafu

Hicho ndicho nilichosema. Kushindilia.

#10 Nyar Ahero

Sasa mwizi mwerevu si atalipua bomu lake ndani ya pango kubwa, ardhi isihisi?

#11 Baruti Mstaafu

Dada yangu, hilo tunalifanya kila siku. Ukitaka ukuta wa mwamba ubaki laini bila nyufa, unatia baruti nyembamba kwenye shimo pana, isiguse kuta. Ule upenyo wa hewa unakula nguvu. Mwamba unapasuka kwenye mstari tu, huku nyuma hausikii kitu.

#12 Mwalimu wa Kano

Na wakubwa walijaribu hivyohivyo. Mwaka 1964 Wamarekani walilipua bomu la kilotoni 5.3 ndani ya mwamba wa chumvi, jimbo la Mississippi. Likaacha pango. Desemba 1966 wakarudi, wakalipua dogo lenye nguvu ya tani 380 ndani ya pango lilelile, likining'inia katikati. Mtetemo ulipungua karibu mara 70 kuliko ambavyo ungekuwa kama lingeshikana na mwamba. Kwa hiyo ujanja huo upo, Nyar Ahero. Lakini pango la kumeza bomu kubwa ni kazi ya kuchimba miaka, udongo unautupa wapi satelaiti isiuone? Na gesi. Mlipuko wa nyuklia hutengeneza ksenoni yenye mionzi, nayo hupenya nyufa kama harufu ya samaki inavyotoka kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Nusu ya vile vituo 80 vimepangwa kunusa hata gesi hiyo.

Gesi inahitajika kwa sababu moja zaidi. Septemba 22, 1993, kwenye handaki la Nevada, walilipua baruti ya kawaida yenye nguvu ya kilotoni moja ili waone tofauti na nyuklia. Ilikuwa karibu tani 1,290 za baruti.

#13 Baruti Mstaafu

Tani ngapi?

#14 Mwalimu wa Kano

1,290, mzee. Kwa mkupuo mmoja, hakuna kuchelewesha. Mitetemo ikatoka karibu sawa na ya nyuklia. Kwenye karatasi ya mtetemo utasema "huu ni mlipuko, si tetemeko", lakini hutasema ni wa aina gani. Zile detoneta zako za milisekunde 25 ndizo zinazosaidia kuwatenga wachimba mawe: vipande vinavyojirudia kila milisekunde 25 huacha mistari kwenye rekodi, kwenye mitikisiko 40 kwa sekunde na vizidisho vyake. Bomu halina subira hiyo.

#15 Baruti Mstaafu

Tani 1,290. Mimi nilikuwa nikihesabiwa katoni moja moja mbele ya askari, nikirudisha maganda.

#16 Mjukuu wa Subukia

Nimesoma uzi wote. Swali langu ni tofauti. Wiki iliyopita usiku, saa tisa kasoro, kitanda kilisukumwa. Sikusikia kishindo kabisa. Kwanza bati lilitetemeka kidogo, nikahesabu moja, mbili, kisha ndipo ukaja msukumo wa upande kwa upande. Niko Subukia. Je, nao ni mlipuko?

Bibi yangu alikuwa akitusimulia tetemeko la Januari 1928, yeye aliambiwa na mama yake. Walilala nje kwa siku nyingi. Ardhi ilichanika kuanzia huko Solai, upande mmoja ukashuka urefu wa mtu kuliko mwingine. Sisi tukisikia bati linalia usiku hatucheki.

#17 Mwalimu wa Kano

Hamna sababu ya kucheka. Ile ya Januari 6, 1928 ilikuwa 6.9, ndilo tetemeko kubwa zaidi lililopimwa katika ardhi ya Kenya.

Yako haina dalili ya mlipuko. Msukumo mdogo kwanza, sekunde mbili, kisha wa upande kwa upande wenye nguvu zaidi: hizo ni P na S. Kwa umbali mfupi, zidisha sekunde kwa 8 upate kilomita, kwa hiyo chanzo kilikuwa kama kilomita 16 kutoka kwako, kina kikiwa kimehesabiwa humo. S ikizidi P namna hiyo, ni mtelezo. Halafu saa tisa usiku! Wachimba mawe wanalala. Nilifungua rekodi ya Kilimambogo ya usiku huo, kuna kitu kidogo, na pengo la P na S ni kama sekunde 20, yaani kilomita 160. Kutoka Kilimambogo hadi upande wenu ni takriban hivyo.

#18 Jicho la Tatu

Na ule mngurumo wa Menengai wa siku nzima?

#19 Fundi wa Redio

Huo ni mvuke, ndugu. Kisima kikifunguliwa kupimwa kinanguruma kama ndege isiyoruka. Nimewahi kupeleka simu yangu huko: sauti inajaa maikrofoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, mstari wa mwendo umelala. Hakuna meno ya msumeno.

#20 Nyar Ahero

Na sisi wa Ahero? Lori likipita barabarani nyumba inacheza kama mtumbwi.

#21 Mwalimu wa Kano

Kano, huko Ahero kwenu, ni matope ya mito yaliyojaa bonde zima. Udongo laini unakuza mtetemo, kama uji unavyoendelea kucheza sufuriani baada ya meza kugongwa. Na huo udongo wenu mweusi hufura mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, unapasua kuta bila msaada wa baruti. Usiende kunywa chai ya mtu.

#22 Fundi wa Redio

Narudi na majibu, nimechelewa kwa sababu jirani wa tatu alikuwa akizima simu usiku kuokoa chaji, akisahau kuiwasha mchana.

Tumenasa milipuko miwili na simu tatu. Mapengo ya ule wa pili: kwangu sekunde 2.2 tena, kwa mwenzangu wa chini sekunde 1.4, kwa mama Wanja wa juu sekunde 3.1. Kwa mita 400 kila sekunde ni 880, 560 na 1,240. Nilichora miduara kwa bikari ya mtoto kwenye ramani niliyoichapisha pale sokoni. Haikukutana kwenye nukta moja, ilikutana kwenye kipembetatu cha ukubwa wa uwanja wa mpira. Ndani yake kuna mahali wanakata mwamba kupitisha barabara mpya. Tulifika. Mashimo yapo, waya za detoneta zimetapakaa, king'ora hakuna. Kijana wa zamu alituambia wao "wanalegeza tu jiwe". Suala hilo limekwenda kwa chifu na kwa ofisi ya madini, tunangoja.

Mzee Baruti, nilikuwekea sauti usikilize ukanijibu faraghani, lakini waelezee na wengine.

#23 Baruti Mstaafu

Hawakushindilia. Mlio ni mkali mno kwa mtetemo mdogo vile, na ni mkupuo mmoja, hakuna kuchelewesha. Huyo aliyeshika kazi amejifunza kwa kutazama. Waambieni watoto wasiokote chochote pale, hasa vile vijibomba vidogo vinavyong'aa vyenye waya mbili. Nimeona vidole vikiondoka kwa kimoja tu.

#24 Mwalimu wa Kano

Fundi, kilele cha meno yako kilikuwa ngapi?

#25 Fundi wa Redio

0.06 ya mita kwa sekunde kwa sekunde. Meno kama 12 kwa sekunde.

#26 Mwalimu wa Kano

Gawa kwa 75, yaani mara mbili ya pai mara 12. Unapata kasi ya ardhi milimita 0.8 kwa sekunde. Ofisi ya migodi ya Marekani ilichapisha mwaka 1980 utafiti wa nyumba na milipuko: kwa kuta za plasta na mitetemo ya mwendo huo wa polepole, kikomo cha tahadhari walikiweka milimita 12.7 kwa sekunde. Wewe uko mbali chini ya hapo. Nyumba inatikisika, moyo unaruka, lakini ufa wa chumba cha watoto nauonea shaka.

#27 Nyar Ahero

Yaani sasa hata wa barabara hana hatia ya ukuta? Mtabaki bila mtu wa kumlaumu.

#28 Fundi wa Redio

Ya king'ora anayo, na hizo waya. Ya ukuta, ngoja niwaambie. Fundi mmoja wa ujenzi alinishauri nibandike kipande cha kioo chembamba juu ya ufa, gundi huku na huku. Ufa ukisogea kidogo tu, kioo hakinyumbuki, kinapasuka. Nilibandika kabla ya mlipuko wa kwanza tulioupima. Ukapita, kioo kizima. Wa pili ukapita, kizima.

Jumamosi usiku mvua ilinyesha kuanzia saa mbili hadi karibu alfajiri. Asubuhi kioo kimekatika katikati, na nje, chini ya dirisha lilelile, ardhi imebonyea shimo la kuingiza karai. Bomba la kutoa maji ya paa linamwaga hapohapo tangu nijenge.

#29 Mjukuu wa Subukia

Majivu ya volkano hayo. Kule Kaptembwo kila mvua kubwa kuna mahali panazama.

#30 Nyar Ahero

Fundi, gundi uliyotumia kwenye kioo ni ipi? Yangu ya hapa Ahero inaachia ukutani.

#31 Fundi wa Redio

Araldite, ile ya mirija miwili. Kwangua rangi kwanza ufike kwenye plasta.